Redio ya memori na kitabu cha darasa la tano

Mzazi anaponiuliza amnunulie kifaa gani mwanawe ambaye kusoma kunamshinda, kwanza namuuliza kama nyumbani kwao kuna redio ya memori. Wengi hushangaa. Walitegemea nitaje tableti au kompyuta, au programu ya kulipia kutoka ng'ambo. Redio ya memori kila mtu anaijua: kile kiredio kidogo chenye tundu la memori kadi na la flashi, ambacho bibi zetu hapa Pemba husikilizia mawaidha na kaswida jikoni, na wachumaji karafuu hukitundika kwenye tawi huku kazi inaendelea. Kiredio hicho, kikitiwa kitabu cha sayansi kilichosomwa kwa sauti ya mtu, kimewafaa wanafunzi wangu kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kinaletwa skuli ndani ya boksi.

Nafundisha skuli ya msingi upande wa Wete, na pamoja na vipindi vyangu ndiye ninayeangalia watoto wanaohitaji msaada wa ziada. Nataka kuandika kuhusu wenye ulemavu wa kujifunza, na hasa wenye disleksia, yaani wale ambao kusoma na kuandika kunawashinda ilhali akili wanayo nzima, kwa sababu hao ndio wanaopotea kwa urahisi kuliko wote. Mtoto asiyeona mwalimu humjua siku ya kwanza, na asiyesikia hachukui muda kujulikana. Huyu wa disleksia anakaa dawati la nyuma, mpira anaucheza vizuri, ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili, maneno anayo tele, na kitabu kikifunguliwa ananyamaza. Darasa la pili anaitwa mvivu. Darasa la nne anaitwa mzito. Kabla ya la sita kumalizika unasikia keshaacha, yuko pwani na baba yake.

Kiswahili chenyewe kinamficha. Maandishi yetu yanafuata matamshi, na mtoto akishaijua ba be bi bo bu anaweza kulitamka neno lolote hata asilowahi kulisikia. Mwenye disleksia naye hufika hapo, ila huchelewa, na akishafika habanduki. Atakusomea "ki-tu-ngu-u" bila ya kukosea herufi hata moja, silabi baada ya silabi, mpaka akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshamtoka. Mwalimu anayesikiliza makosa tu atamwekea alama ya vyema na kuendelea na mwengine. Mwaka 2001 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitalia, ambao lugha yao inaandikwa karibu na inavyotamkwa kama yetu, walisoma kwa usahihi zaidi ya wenzao. Lakini walipopimwa ubongo huku wakisoma, eneo lile lile la upande wa kushoto lilikuwa linafanya kazi pungufu kwa wote, wa lugha zote tatu. Kwa hiyo sisi walimu wa Kiswahili tusikae tukingoja mtoto akosee herufi ndipo tumtilie shaka. Tuitazame kasi yake.

Njia ninayotumia ni hii. Kwanza nahakikisha kapelekwa hospitali akapimwa macho na masikio. Kisha namsomea mimi aya fupi, namuuliza maswali. Baadaye nampa aya nyengine ya ugumu ule ule aisome mwenyewe kimya, namuuliza tena. Akijibu vizuri aliposikia na akakwama aliposoma, najua akili yake ni nzima na uelewa anao. Kinachomlemea ni ile kazi ya kuyageuza maandishi yawe maneno. Watoto wengine hukwama pande zote mbili, na hao wanataka msaada wa aina nyengine ambao siuelezi hapa.

Kisha linakuja darasa la tano. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ndiyo iliyoelekeza hesabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia hapo. Kwa mtoto huyu ni mlima juu ya mlima. Kiswahili angalau hakimdanganyi. Ukiona "a" ni "a". Kiingereza kina maneno ya herufi saba yenye sauti tatu tu, na mtoto aliyekuwa anajikokota kwa silabi sasa hata silabi hazimsaidii.

Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa Gando, ndiye aliyenifanya nianze kurekodi. Analelewa na babu yake. Nilikwenda kwao baada ya alasiri, nikamkuta mzee uani anasuka dema, ule mtego wa samaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu mwalimu, karibu kitako."

Nikamweleza lililonileta. Akatikisa kichwa bila ya kuacha kusuka. "Huyu mwana, mwalimu, mie n'shamwachia Mungu. Kitabu hakimwingii."

Nikamuuliza, na chuoni je, kwenye kusoma Qur'ani?

Hapo akaiweka dema chini. "Chuoni? Chuoni juzuu amma kaimaliza zamani. Sasa yuko Tabaraka. Maalim wake amsifu mpaka naona haya."

"Kaihifadhi vipi, babu?"

"Kwa kusikiliza. Maalim asoma, wao waitikia. Na usiku hiyo redio yasoma mpaka yazimika yenyewe."

Nikamwambia basi sayansi nayo nataka kumpa kwa njia hiyo hiyo. Mzee alikaa akaniangalia kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumtia mwenziwe matatani: "Kwani yaruhusiwa?"

Swali hilo nimekutana nalo kila mahali tangu hapo. Wazazi wanaliuliza, walimu wenzangu wanaliuliza, na watoto wenyewe, ambao wakisikiliza sura nzima na kuielewa huona kama wameiba kitu. Nitalijibu, lakini kwanza nieleze kazi inavyofanyika, kwa sababu nimeona mafaili mengi ya sauti yaliyorekodiwa kwa nia njema na mtoto hawezi kuyatumia.

Narekodi kwa simu yangu ya kawaida, baada ya isha, chumbani penye nguo nyingi na godoro limeegemezwa ukutani ili sauti isirudi. Simu naiweka pembeni kidogo ya mdomo, kiasi cha shibiri moja, maana ikiwa mbele kabisa kila "p" na "b" inapiga kama upepo. Masika ni shida. Mvua ikishaanza juu ya bati hakuna la kufanya ila kungoja.

Kila aya ni faili lake. Hili ndilo muhimu kuliko yote. Viredio hivi havina namna nzuri ya kurudisha nyuma. Vina kitufe cha mbele na cha nyuma tu. Ukimrekodia mtoto sura nzima ya dakika arubaini, sehemu moja ikimpita itabidi aanze upya, na ataanza upya mara mbili, ya tatu atazima. Faili likiwa la dakika moja au mbili, anabonyeza mara moja aya inarudi. Mwanzo wa kila faili nasema, "Ukurasa wa 34, aya ya pili," nanyamaza kidogo, kisha nasoma. Hiyo kimya ni ya kumpa nafasi ya kufungua kitabu na kuweka kidole. Maana kitabu lazima kiwe wazi mbele yake. Sitaki kumwondoshea maandishi. Nataka sikio limtangulie na jicho lifuate, na neno alilokwisha kulisikia mara tatu siku moja atalitambua akiliona.

Michoro naieleza. "Kuna picha ya mmea. Mizizi iko chini, shina katikati. Mshale wa kwanza unaonesha jani." Istilahi za Kiingereza naziacha kama zilivyo, nazitamka taratibu mara mbili, halafu natoa maelezo kwa Kiswahili. Mwisho wa mada naweka swali na kusema, "Zima redio, sema jibu lako kwa sauti," na faili linalofuata ndilo lenye jibu.

Tahadhari kwa atakayejaribu: viredio vingi vya aina hii havifuati majina ya mafaili. Vinapiga kwa mpangilio ambao mafaili yaliingizwa kwenye kadi. Unaweza kuyapa namba kwa uzuri kabisa, 001, 002, 003, ukayamimina yote kwa pamoja, na mtoto akasikia ukurasa wa 50 kabla ya wa 12. Ni bora uyanakili moja moja kwa zamu. Inachosha, lakini unafanya mara moja. Ukihifadhi sauti kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, dakika moja ni kama nusu megabaiti, kwa hiyo kadi ndogo ya gigabaiti 8 inaingiza zaidi ya saa 250. Masomo yote ya darasa la tano yanaenea na nafasi inabaki.

Kwa nini redio, na simu zimejaa? Kwa sababu mwanafunzi haji na simu skuli, na mimi nakubaliana na kanuni hiyo. Nyumbani simu ni ya baba au ya kaka, iko mfukoni kwake, na ikirudi usiku imeishiwa chaji. Redio iko jikoni, haina picha, na hakuna anayemnyang'anya mtoto.

Simu ina kazi zake, lakini, na hizo nazifanya mimi na mtoto akiwa nami. Android ya siku hizi ina sehemu ya ufikivu ndani ya mipangilio, na humo mna huduma ambayo ukiiwasha, ukagusa maandishi yoyote kwenye kioo, simu inayasoma na kulitia rangi neno linalotamkwa. Kiswahili kimo. Punguza kasi ya sauti kabla ya kumpa mtoto, maana ilivyokuja inakwenda mbio. Kwenye kompyuta natumia kivinjari cha Microsoft Edge, ambacho kinasoma ukurasa wa mtandaoni kwa sauti na neno linang'aa vilevile. Kina sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi, na mbili za Kenya, Zuri na Rafiki, ila zinataka intaneti. Wanafunzi wangu wamemchagua Rehema. Wanamtaja kama mtu wanayemjua, "mwalimu, tumuekee Rehema," na mimi nafurahi kuwasikia, kwa sababu watoto hawa hawakuzoea kuomba kusomewa kitu chochote.

Ukurasa wa kitabu nao unaweza kuupiga picha, programu ikayatoa maandishi na sauti ikayasoma. Fanya mchana karibu na dirisha, na uangalie kivuli cha simu kisiangukie ukurasa. Halafu yapitie maandishi kabla ya kumpa mtoto, na uitafute ile alama ya "ng'". Programu ya kusoma picha mara nyingi huipoteza, au hulikata neno vipande viwili, na sauti ikifika hapo inatamka kitu ambacho si Kiswahili. Mtoto mwengine anacheka na kuendelea. Huyu wetu, ambaye siku zote anadhani kosa ni lake, atanyamaza na kujaribu kulielewa neno ambalo halipo.

Na kuna upande wa kuandika. Nina msichana wa darasa la sita ambaye kusoma anajikongoja lakini kuandika ndiko kunakomuumiza. Herufi zake zinapanda na kushuka, "b" inageuka "d", mkono unachoka kabla ya wazo. Tulitoa insha kuhusu mchezo wa ng'ombe, ule wetu wa Pemba wa kumchezea fahali uwanjani. Yeye alileta mistari mitatu: ng'ombe mkubwa, watu wengi, tulirudi nyumbani. Nikamkalisha na simu yangu, nikafungua kibodi ya Gboard, ambayo tangu 2017 inapokea Kiswahili cha kusemewa, nikachagua cha Tanzania, nikamwambia anisimulie mimi, simu aisahau. Akaanza. Ngoma na wanawake wanaoimba pembeni, ng'ombe aliyekataa kutoka na wazee wakasema kaudhiwa, mdogo wake aliyekimbilia juu ya mwembe akashindwa kushuka. Ikawa kurasa mbili. Nilipomwonesha kioo alikigusa kwa kidole kama anataka kuhakikisha ni maneno yake.

Tulikaa muda mrefu kuyarekebisha, sitaki kuficha hilo. Programu yoyote ya aina hii husikia vizuri lahaja iliyofundishwa nayo, na mtoto akisema Kipemba chake cha nyumbani, "n'kamwona" na "ntakwenda", maandishi yanakuja mengine. Simwambii abadilishe anavyosema. Kusema ndiko anakokuweza, na nikianza kumsahihisha huko nitakuwa nimemfungia mlango wa mwisho. Bora tuzifundishe mashine. Mozilla wana mradi wa Common Voice ambapo mtu yeyote anaweza kusoma sentensi za Kiswahili kwa sauti yake na kuzichangia, na sauti hizo hutolewa bure kwa wanaotengeneza programu. Ombi langu kwa vijana wa Konde, Micheweni, Mkoani na Chake: ukiwa na bando limebaki, changia sentensi kumi. Someni mnavyosema.

Msaada mmoja ukishachapwa kwenye karatasi hautaki umeme tena, nao ni kuachanisha herufi. Mwaka 2012 watafiti wa Italia na Ufaransa waliwapa watoto 74 wenye disleksia, Waitalia 34 na Wafaransa 40, maandishi ya ukubwa wa pointi 14 yaliyoachanishwa herufi kwa pointi 2.5 zaidi ya kawaida. Bila ya mafunzo yoyote, hapo hapo, makosa yalipungua kama nusu na kasi ikapanda kwa zaidi ya asilimia 20. Nilipoisoma niliifungua kompyuta ya ofisini usiku huo huo. Kwenye Word ni suala la kuchagua maandishi, kwenda sehemu ya fonti, na kuongeza nafasi baina ya herufi. Ongeza na nafasi baina ya mistari. Karatasi za mazoezi za watoto hawa sasa natoa hivyo. Zinakula kurasa nyingi zaidi, na fotokopi ni pesa, kwa hiyo nazifanyia wao tu. Zipo pia fonti zilizochorwa makusudi kwa ajili ya disleksia, zenye herufi nzito chini. Ukipenda zijaribu, lakini tafiti hazijaonesha faida ya uhakika, na kuachanisha herufi kunatosha.

Hesabati nimeigusa kidogo tu. Wapo watoto ambao namba ndizo zinazowakimbia, wakijua kusoma vizuri kabisa, na kwao natumia zaidi vifuu na kokwa za embe kuliko kifaa chochote cha umeme. Nikijua zaidi nitaandika.

Kuhusu tableti, watu huniuliza kwa sababu walisikia habari za Tanga. Ni kweli, na ni jirani zetu: hata umeme wetu wa Pemba tangu 2010 unapita chini ya bahari kutoka huko. Kati ya 2017 na 2019 mashindano ya Global Learning XPRIZE yalipeleka tableti kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, wengi wao hawajawahi kuingia skuli. Programu zote zilikuwa za Kiswahili, na chaji ilitoka kwenye sola kijijini. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, waligawana zawadi, na programu za washindani zikaachiwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Nimekaa na watoto wa darasa la kwanza wakitumia ya onebillion, na naipenda kwa sababu moja kubwa: mtoto anaweza kurudia herufi "m" mara ishirini na hakuna anayeguna. Kwa kuanza kujua herufi inafaa sana. Lakini haikupimwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, na yule mtoto wangu wa darasa la tano hawezi kungoja mpaka amudu kusoma ndipo ajue moyo unavyosukuma damu. Somo la wenzake anatakiwa alipate leo.

Na tableti huletwa, kisha wanaozileta huondoka. Kuna mradi mmoja, sitautaja, ulileta boksi zuri la tableti zenye programu ya Kiingereza kitupu na nywila iliyokuwa kwa mtu mmoja. Mtu huyo mkataba wake ulipokwisha, boksi likaingia kabatini. Bado limo. Kila nikipita kabati lile nahesabu wanafunzi ambao wangeweza kulitumia kama Kiswahili kingetiwa na mwalimu mmoja wa skuli akapewa nywila. Kwa hiyo nawaomba wafadhili watuulize kwanza. Tutawaambia tunataka nini, na mara nyingi kitakuwa rahisi kuliko walivyopanga.

Sasa lile swali la ruhusa.

Mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu na aliyenitangulia kazini miaka mingi, aliniuliza mbele ya wenzetu ofisini: "Mwalimu, ukimsomea mtihani, umempima nini?" Ni swali la haki. Nikamjibu kwamba inategemea mtihani wenyewe. Kama ni mtihani wa kusoma, ataisoma mwenyewe, kwa kasi yake, na alama yake itakuwa ile atakayoipata. Kama ni mtihani wa sayansi, na yeye sayansi anaijua lakini maswali hawezi kuyamaliza kuyasoma ndani ya muda, basi tumempima kusoma mara ya pili na sayansi hatukuipima kabisa.

Tukakubaliana tufanye jaribio la darasani. Nikamsomea yule mtoto wa Gando maswali yale yale waliyopewa wenzake, bila ya kuongeza neno, naye akajibu kwa mdomo, mwenzangu akiandika. Swali moja liliuliza kwa nini nguo hukauka haraka siku yenye upepo. Mtoto akafikiri, akasema kama dagaa. Siku ya jua na upepo mkavu, dagaa wakianikwa asubuhi adhuhuri wameshakauka, kwa sababu ule mvuke unaotoka kwao upepo unauchukua na kuleta hewa nyengine iliyo tupu. Siku ya wingu na hewa nzito hakuna pa kwenda mvuke, hata jua likichomoza kidogo wanabaki laini mpaka wanaanza kunuka. Na akaongeza kwamba ndiyo maana huwatandazi wakalaliana, kwa sababu wa chini hapati hewa. Mwenzangu aliacha kuandika akamtazama. Hakuna mtoto mwengine darasani aliyetaja hewa iliyojaa unyevu. Wengi waliandika tu "kwa sababu ya upepo".

Tangu siku hiyo mwalimu mkuu wetu ameruhusu majaribio ya darasani yafanyike hivyo kwa watoto watatu, kwa maandishi na sahihi. Kwa mitihani mikubwa naomba hayo hayo: muda wa ziada, na msomaji wa maswali pale ambapo kusoma siko kunakopimwa. Siombi hisani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinazungumzia elimu na kutaka mwanafunzi arekebishiwe mazingira kwa kadiri ya mahitaji yake. Na kwa wanaoogopa kwamba kukirekodi kitabu ni kuvunja haki ya mwandishi, upo Mkataba wa Marrakesh wa 2013, uliotungwa hasa ili vitabu viweze kugeuzwa kuwa sauti au nukta nundu bila ya kizuizi hicho. Wengi wanadhani ni wa wasioona peke yao. Umewataja pia wenye ulemavu wa kusoma, na Tanzania imejiunga nao. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama yaruhusiwa, nina la kumjibu, na babu nilimpelekea jibu hilo mwenyewe.

Hadithi za bure za kusoma na kurekodi, za Kiswahili na zenye picha, zinapatikana African Storybook. Leseni yake inaruhusu kuchapisha, kubadilisha na kurekodi. Anza na hizo kama kitabu cha somo kinakutisha.

Sayansi ya darasa la tano nimeshaimaliza yote. Ya darasa la sita niko nusu. Maarifa ya jamii imeanzwa na mwalimu mmoja wa Chake, na anasoma vizuri kuliko mimi. Tunachokosa ni mwalimu wa hesabati aliye tayari kukaa nami tutafute namna ya kuueleza mchoro wa pembe tatu kwa mtu anayesikiliza tu. Anayetaka mafaili aje na memori tupu siku yoyote ya kazi baada ya saa nane mchana, naomba iwe gigabaiti 8 au zaidi, na aje na kiredio chenyewe, ili tujaribu pale pale kabla hajaondoka kama kinapiga kwa mpangilio.